Nilivyojiandaa mama asivurugikiwe na akili baada ya upasuaji

Baba alipopasuliwa tumbo kwa dharura miaka kadhaa iliyopita, usiku wa pili alichomoa dripu, akamrushia nesi ngumi na kudai tumemteka. Hakuna aliyetueleza kwamba hali ile ina jina. Tukajua ndiyo wazimu umeanza, kumbe ni deliriamu: akili kuvurugika ndani ya saa au siku chache, hasa kwa mzee aliyeugua sana au aliyetoka kupasuliwa. Kwa hiyo tulipoambiwa nyonga ya mama imelika na inabidi ibadilishwe, mimi sikuogopa kisu. Mama alikuwa na miaka 78 na demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, iliyoanza kumnyemelea, na mwenye demensia ndiye deliriamu humpata kwa urahisi zaidi.

Afadhali safari hii tulipewa wiki sita za kujiandaa.

Nilianza na dawa. Nilikusanya kila alichokuwa anameza, hata vile vya kujinunulia bila cheti, nikamwagia daktari mezani. Akatenga vitatu: oksibutinini ya kibofu, dawa ya mafua yenye difenhidramini ambayo mama alikuwa akiinywa apate usingizi, na diazepamu, dawa ya kutuliza aliyoizoea kwa miaka. Zote tatu, alisema, humtia mzee ukungu kichwani. Mbili za kwanza aliziondoa palepale. Diazepamu alinikataza kabisa kuisimamisha ghafla, maana hilo nalo huweza kuleta deliriamu, hata degedege. Akawa anaipunguza kidogo kidogo. Wiki ya pili ya kupunguza, nyumba nzima hatukulala.

Jambo jingine nilikuwa nimeliamua mwenyewe: mama hapigwi nusu kaputi, atachomwa sindano ya mgongo. Daktari wa usingizi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia suala hilo limeshapimwa. Utafiti wa REGAIN wa mwaka 2021, uliohusu wagonjwa 1,600 hivi wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga, haukuona tofauti ya maana ya deliriamu kati ya njia hizo mbili. Yeye alijali zaidi presha isiporomoke mezani, mama asileweshwe kuliko inavyohitajika, na maumivu yadhibitiwe vizuri bila kuegemea mofini peke yake. Mwishowe alichomwa sindano ya mgongo kweli, ila kwa sababu ya mapafu yake. Ubishi wangu haukuhusika.

Nikaandika karatasi moja kwa ajili ya manesi. Haoni bila miwani. Sikio la kulia halisikii, la kushoto lina kifaa. Hupanga dawa zake mwenyewe kwenye kisanduku cha siku saba. Mwaka anaujua, tarehe huikosea. Akiongea mambo yasiyoeleweka, hiyo si kawaida yake, tuiteni. Mstari huo wa mwisho niliupigia mstari mara mbili, kwa sababu nesi anayemwona mzee mwenye demensia kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua jana alikuwaje.

Miwani na kifaa cha sikio viliingia naye kwenye mfuko wenye jina lake, na niliomba avishwe mara tu anapozinduka, kabla hajaanza kutafuta yuko wapi. Kesho yake asubuhi mpira wa mkojo ulitolewa na akakalishwa kitini. Mchana mapazia wazi, usiku taa chini, maji karibu na mkono wake, na mimi na kaka tukipokezana kukaa naye. Ukisema hivi watu wanakuona unahangaika na vitu vidogo. Lakini Sharon Inouye, daktari wa wazee, na wenzake walifuatilia wazee 852 waliolazwa katika hospitali moja ya Marekani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1999, waliohudumiwa kwa mambo ya aina hii walipata deliriamu asilimia 9.9, dhidi ya asilimia 15 kwa wengine. Haizuii yote. Inapunguza.

Na kwetu haikuzuia. Siku ya tatu nilimkuta ametulia tuli. "Leo mama hasumbui, amelala vizuri," nesi akaniambia, na nusura nishukuru. Kisha nikaona vidole vyake vinakunja pindo la shuka, vinalikunjua, vinalikunja tena. Nilipomwita, akaniita kwa jina la mama mdogo, aliyekwisha kufariki. Nikamwomba anitajie miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, jambo aliloliweza wiki iliyopita. Akasema Desemba, akanyamaza, akalirudia shuka.

Deliriamu ya kimya ndiyo inayopita bila kuonekana, maana haigombani na mtu. Nilimfuata nesi nikiwa na ile karatasi mkononi. "Dada, huyu si mama yangu wa kawaida, naomba daktari amwone." Walipompima kibofu kwa ultrasaundi kilikuwa kimejaa mkojo aliokuwa anashindwa kuutoa, na choo hakikuwa kimepita tangu upasuaji kwa sababu ya dawa za maumivu. Mkojo ukatolewa, akapewa dawa ya kulainisha choo. Tukawa tunamwambia kwa upole yuko wapi na kwa nini. Alipomuulizia mama mdogo hatukubishana naye, tulimwachia amsimulie. Jioni ya siku ya tano aliuliza miwani yake nani kaichafua hivi.

Nyumbani ilichukua karibu miezi miwili. Kutembea kulirudi kwanza, usingizi ukafuata, mazungumzo yakaja mwisho na hayakurudi yote. Ile karatasi bado naitunza kwenye pochi yangu. Mwezi uliopita niliifungua nikafuta mstari wa kisanduku cha dawa, nikaandika: dawa hupewa na mwanawe.