Lugha nne, kazi moja: saa ya bibi

Mi sio programa wa kuajiriwa, niseme mapema. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, misumari, rangi, nyaya, na kodi (sio ya nyumba, ni maagizo ya kompyuta) naandika usiku nikishafunga. Ugonjwa wangu miaka yote ulikuwa mmoja tu, kuhamahama. Nikisikia lugha mpya ya kuandikia programu bando lote linaishia huko, nadaunlodi, naangalia video mbili tatu, natengeneza kile kijiprogramu cha orodha ya kazi ambacho kila mtu anatengeneza, siku ya nne nishachoka naenda nyingine. Ukiniuliza najua lugha ngapi nakutajia kumi, ukisema haya nitengenezee kitu, naanza kukuna kichwa.

Aliyenitoa huko ni bibi. Macho yamepungua sana, akiamka usiku hajui kama ndo kwanza manane au alfajiri imeshafika, basi anagonga ukuta, "we mume wangu, saa ngapi?" Nashtuka, namwambia, nalala, baadae tena ukuta unagongwa. Programu za kutaja saa zipo, ila ile ya Kiswahili niliyojaribu ilimwambia "saa tatu na dakika kumi" wakati ni saa tisa usiku, yani mtu kasoma namba za kizungu akazitamka kwa Kiswahili basi, bibi akaamini kumekucha akaanza kupapasa ndoo akaoge.

Nikachukua simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo, nikaweka Termux (inakuwezesha kuandika na kuendesha kodi kwenye simu) na espeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ambayo ina sauti ya Kiswahili (inaongea kama mtu kabanwa pua lakini anaeleweka), nikachomeka kibodi kuukuu ya USB kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB na simu. Kitufe cha Enter nikakigandisha kipande cha kanga kwa gundi ili akipapasa akijue. Akibonyeza, simu inataja saa.

Nilianza na lugha ya Python. Hesabu nikaona ya mtoto: chukua saa ya simu (inahesabu 0 mpaka 23), toa 6, gawa kwa 12, tumia baki. Asubuhi ya kwanza saa kumi na mbili ikasema "saa sifuri". Sawa, nikaandika kwamba ikija sifuri iwe kumi na mbili. Afu kuna mambo ya kasoro, ukishapita nusu unataja saa inayofuata, kwahiyo nikawa naongeza moja, na saa moja kasorobo asubuhi ikatangaza "saa kumi na tatu kasorobo". Bibi akauliza, "Saa kumi na tatu ndo ipi, imeongezwa lini?" Ikaja ya tatu, hii nilicheka mwenyewe. Neno la mwisho, asubuhi, jioni au usiku, nilikuwa nalichagua kwa saa ya simu: jioni nimeiishia kwenye 18, usiku nimeuanzia 20, ile 19 katikati nikaisahau, na Python fanksheni (kipande cha kodi cha kazi moja) usipoiambia irudishe nini inarudisha None, yani hakuna kitu, espeak inalisoma hivyohivyo kiswahili, "saa moja na robo none". Bibi anasikia nane. "Sasa ni saa moja au saa nane?"

Nilipomaliza kuziba hayo ndo wazo likaja, kwanini nisiipeleke kazi hii hii kwenye kila lugha ninayotamani, na sio kazi tu, nibebe na makosa yangu yote vilevile nione lugha itanifanya nini?

Lua ilikuwa tamu. Ni lugha ya Brazili, ya 1993, jina lake maana yake mwezi kwa Kireno. Orodha zake zinaanza kuhesabu na 1 badala ya 0, watu wengi wanailaumu kwa hilo, lakini kwa saa zetu imekaa kama glovu: ya kwanza moja, ya mwisho kumi na mbili, basi. Ilinichukua jioni moja.

Go ikaniaibisha. Mchana nimejaribu zaidi ya mara ishirini iko poa, nikaiweka kwa simu ya bibi nikalala kwa raha zangu, saa tisa usiku nasikia ukuta. Kaenda kubonyeza, simu kimya, imekufa. Kufungua nakuta imelalamika kuhusu orodha yangu ya saa, eti nafasi ya -3, ambayo haipo. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka nikaelewa: saa tisa usiku ni 3 kwa simu, 3 toa 6 ni hasi 3, ukitafuta baki ya 12 Python na Lua zinakupa 9, ila Go inakuachia hasi yako. Na hasi inatokea usiku wa manane mpaka alfajiri tu, mchana hata ujaribu mara mia hutaiona. Dawa yake aibu kuitaja, badala ya kutoa 6 unajumlisha 6.

Rust nilikuwa naiogopa. Alianza nayo Graydon Hoare mwaka 2006, inasemwa baada ya programu ya lifti ya jengo alilokuwa anakaa kule Vancouver kugoma, yeye alikuwa anaishi ghorofa ya 21. Nikairudishia Rust ile ya kutoa 6 makusudi, kwa namba ya u8, aina ya namba inayoanzia 0 kuishia 255, haijui hasi. Kwenye majaribio ikagoma palepale ikasema hesabu imefurika. Nikaikompaila, yani kuigeuza iwe programu kamili, ile ya mwisho ya kutumia kweli (simu ilichemka hadi nikaiweka kwenye sakafu) na hapo haikugoma, ila saa tisa usiku ikasema "saa moja", kwa sauti ya kujiamini kabisa! Ikishuka chini ya 0 inazunguka inarudi 255: 3 toa 6 inakuwa 253, baki yake ni 1. Nikasema bora ile ya Go iliyokufa kuliko hii inayodanganya. Lakini shimo la 19 ililikamata kabla hata haijakimbia, kompaila ikaniandikia kwamba 19 haijashikwa, na 24 kwenda juu pia. Wiki yote ya kumchanganya bibi na "none" ningeiepuka hapo.

Sasa hivi nipo kwenye Elixir, na kazi imeongezeka sababu bibi anataka na siku. Alhamisi jua likizama kwake ni Ijumaa tayari, wala hataki mjadala, na jua Tanga linasogeza muda wa kuzama kama nusu saa hivi ndani ya mwaka, kwahiyo niko kwenye hesabu za jua sijui pembe sijui latitudo. Juzi nikamweleza kwanini kazi inachelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na adhana je, hiyo simu haisikii?"

Maikrofoni inayo. Nimeanza kuangalia.