Matonge Manane

Nilitoka kwenye sinia nikiwa na miaka 13. Hakuna aliyenifukuza. Ilikuwa mwaka 2003, nimetoka kulazwa na kisukari aina ya kwanza, na mama akaninunulia sahani yangu ya bati yenye maua. Ndugu zangu wakawa wanakula pamoja mkekani, mimi pembeni na sahani yangu, chakula changu kimepimwa kwa upawa. Kwa mtoto wa pwani hilo ni jambo zito. Sinia ndipo unaposikia habari za nyumba, ndipo mkubwa anapokusogezea mnofu bila kusema neno.

Miaka sita nilitumia insulini mchanganyiko, dawa ya sindano ya kushusha sukari, ile inayofanana na maziwa ukiitikisa. Uniti 26 asubuhi, uniti 14 jioni, niwe na njaa nisiwe nayo. Dawa ile ikishaingia mwilini inadai chakula chake kwa saa yake. Shida yangu kubwa ilikuwa likizo kwa Bibi, Pangani, kwa sababu pale chakula cha mchana kilingoja kitoweo, na kitoweo kilingoja ngalawa. Siku moja saa nane ilinikuta chini ya mti wa mkungu natetemeka, jasho linanitiririka, maneno hayatoki sawasawa. Bibi alinikorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akanishika kichwa nikanywa. Alilia siku ile. Alidhani kuchelewa kwake kusonga ugali kungeniua.

Mwaka 2009, sista wa kliniki ya kisukari niliyokuwa nahudhuria mjini Tanga alinibadilishia dawa. Ya maziwa, sasa isiyochanganywa, ikabaki mara mbili kwa siku kushikilia sukari ya kawaida ya mwili, na nyingine iliyo safi kama maji ikawa ya kuchoma nusu saa kabla ya kila mlo, kadiri ya wanga utakaokula, yaani ile sehemu ya chakula inayogeuka sukari mwilini.

“Mdogo wangu, mpaka leo chakula kilikuwa kinaifuata dawa,” aliniambia. “Sasa dawa itakifuata chakula.”

Akachukua 500, namba ya kuanzia katika hesabu hii, akaigawa kwa uniti 40 nilizokuwa nachoma kwa siku, ikaja 12 na nusu. Tukaanza na 12: uniti moja kwa gramu 12 za wanga. Akanionya kwamba hesabu ile ni pa kuanzia tu, vipimo vya sukari ndivyo vitakavyosema kama inanifaa. Nilitoka pale nimeshika karatasi ya vyakula kama hati ya kiwanja.

Nilipoisoma kwenye basi nikaishiwa nguvu. Vipande vya mkate, tambi, tufaha. Ugali ulikuwemo, umeandikwa kwa kikombe. Nani anakula ugali kwa kikombe? Mimi nakula kwa tonge. Hapo ndipo lilinijia wazo ambalo sikumwambia mtu mpaka nilipofika Pangani.

Jumapili ile nilimwomba mjomba mizani ya dukani, ile ya mawe. Bibi alikuwa na kopo lake moja la unga, halibadiliki. Nikapima unga wa kopo hilo: gramu 600. Karibu robo tatu ya unga wa mahindi ni wanga, kwa hiyo mle mlikuwa na gramu 450. Bibi akasonga. Ugali ulipoiva nikaupima wote, ukawa kilo moja na gramu 800. Maji yameongeza uzito, wanga ni ule ule. Kila gramu 100 za ugali wa Bibi, basi, zilikuwa na gramu 25 za wanga. Si za karatasi, za mwiko wake.

Kisha nikaanza kumega. Jiwe dogo kabisa la mjomba lilikuwa la gramu 50, tonge moja lisingepimika, kwa hiyo nilimega matonge kumi kama ninavyoyamega siku zote, nikayaweka pamoja. Gramu 300. Tonge langu moja gramu 30, wanga gramu saba na nusu. Matonge manane, gramu 60. Uniti tano kamili.

Bibi alikuwa ananitazama tangu mwanzo, na uso wake haukupendezwa. Kwetu mtu hahesabiwi matonge. Anayehesabu matonge ya mgeni ni bahili, na anayeyahesabu ya kwake anaonekana anaaibisha jiko lililompikia.

“Mume wangu,” alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, “nyumba hii imekosa nini hata uhesabu?”

Nikamwambia, “Bibi, nahesabu nipate kurudi kwenye sinia.”

Alikaa kimya kidogo. Akauliza la maana kuliko yote niliyoulizwa kliniki: “Na ukishiba kwenye tonge la sita?” Kwa sababu nusu saa kabla nitakuwa nimeshachoma uniti tano, na sindano hairudishwi. Nikamjibu kwamba ndizi moja mbivu ingelipa deni la matonge mawili na zaidi kidogo. Akainuka, akakata ndizi kwenye mkungu uliokuwa unaning'inia jikoni, akaiweka karibu na mkeka.

Nilipima sukari: milimoli 7.4 kwa lita ya damu. Nikatoa chupa kwenye chungu cha maji tulimokuwa tunaihifadhia ipoe, nikavuta uniti tano, nikachoma tumboni. Sinia likatengwa, Bibi akalifunika kawa, na watu wote, mjomba na watoto wake wanne, wakakaa kulizunguka wakingoja nusu saa yangu. Watoto walikuwa na njaa. Hakuna aliyenung'unika.

Kawa lilipofunuliwa sikuweza kumeza upesi. Tonge la kwanza nililichovya kwenye mchuzi wa nazi mkono wangu ukagusana na wa binamu yangu. Mchicha na samaki sikuvihesabu, nilikula nilivyotaka. Nilipofika la nane nikanawa. Mjomba alifungua kinywa kunihimiza niongeze, kama inavyompasa mwenye nyumba, Bibi akamgusa goti.

Saa mbili baadaye sukari ilikuwa 9.1. Kabla ya chakula cha usiku, 6.8. Tarakimu hizo nimeziandika nyuma ya ile karatasi ya kliniki, wino umefifia lakini zinasomeka.

Usiku ule ule nilikosea. Kulikuwa na mihogo ya nazi, nikaihesabu kama ugali, na kumbe kwa uzito ule ule muhogo una wanga mwingi zaidi. Nikalala na 15. Kesho yake tuliuweka muhogo pia kwenye mizani, na safari hii Bibi ndiye aliyepanga mawe.

Nilikaa Pangani wiki tatu nyingine. Kila mchana, kabla hajatia unga kwenye maji, Bibi alichungulia mlangoni na kuuliza, “Mume wangu, leo mangapi?” Nikishamtajia idadi na kuchoma, alikaa na mkono wake juu ya kawa mpaka nimwambie tayari.