Kisigino Hufumwa Asubuhi

Kwa miaka miwili nilikuwa na soksi moja niliyoifuma kwa mkono. Ilikuwa ya sufu ya kijivu, imekamilika kuanzia mdomo hadi ncha ya vidole, na haikuwa na mwenzake. Sindano zilizobeba mwanzo wa mwenzake huyo zilikaa kikapuni juu ya kabati, zimekwama kwenye mzunguko wa kumi na mbili, na kila nilipokiona kile kikapu nilijiahidi kwamba nikipata jioni moja tulivu nitaendelea. Jioni hiyo haikuja, na hata ilipokuja ilinikuta nimechoka kiasi cha kuhesabu vitanzi 64 mara tatu na kupata majibu matatu tofauti.

Kosa langu lilikuwa kuichukulia soksi kama kazi moja inayodai wakati mmoja, ilhali ndani yake mna kazi za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Mguu wa soksi, yaani ile sehemu inayopanda kutoka kifundoni kuelekea kwenye muundi, ni mzunguko uleule unaorudiwa mara sabini na zaidi, na mikono ikishazoea huufuma huku macho yakiangalia kwingine. Kisigino, kwa upande wake, hakikubali mazungumzo. Nilipolitambua hilo niliacha kutafuta jioni tulivu, nikaanza kuipa kila sehemu ya soksi saa inayoifaa.

Nilianza upya kabisa, kwa sababu ile soksi ya kijivu ilikuwa pia pana mno. Niliupima mguu wangu mahali pake panene zaidi, chini kidogo ya vidole, nikapata sentimita 23, na mara ya kwanza nilikuwa nimefuma soksi ya sentimita 23 kamili. Sufu iliyofumwa huvutika, kwa hiyo soksi isiyo finyu kuliko mguu huteleza na kujikunja ndani ya kiatu. Safari hii nilipunguza kama asilimia kumi. Kipande cha majaribio kilinionyesha kwamba kwa sindano za milimita 2.5 mkono wangu hutoa vitanzi 32 katika kila sentimita 10; hesabu ikanipa vitanzi 66, nami nikachagua 64 kwa kuwa hugawanyika sawasawa katika sindano nne, vitanzi 16 kwa kila moja, huku sindano ya tano ikiwa ndiyo inayofuma. Uzi niliuchagua mwembamba, wa sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, kwani sufu tupu huwahi kulika kisiginoni. Donge la gramu 100 la uzi wa aina hiyo huwa na takriban mita 400, nalo lilinitosha kwa jozi nzima na kubakiza kidogo.

Mguu wa soksi niliufuma mahali popote nilipolazimika kungoja: kwenye foleni, ndani ya basi, katika mikutano ambayo kazi yangu ilikuwa kusikiliza tu. Mzunguko mmoja ulinichukua kati ya dakika mbili na tatu, kwa hiyo robo saa ya kungoja ilizaa mizunguko sita, yaani zaidi ya sentimita moja. Kwa kuwa soksi moja ya ukubwa wangu ina zaidi ya vitanzi 10,000, mtu akizihesabu dakika hizo kama kazi atakata tamaa, lakini mimi sikuwa nikizitoa popote; zilikuwa dakika ambazo zingepotea hata hivyo.

Kufumia njiani kuna adabu zake, na nyingine nilifunzwa na hasara. Sindano fupi zenye ncha pande zote mbili huchomoka kwa urahisi, na siku moja basi lilipofunga breki ghafla sindano moja iliyokuwa tupu ilibingirika chini ya viti, nikashuka bila hiyo. Tangu siku hiyo nilibeba sindano ya sita, na kila nilipoiweka kazi mfukoni niliziba ncha zote kwa vipande vidogo vya kizibo. Tatizo la pili lilikuwa la macho: mahali sindano moja inapokutana na nyingine palijitokeza msitari wa vitanzi vilivyolegea, kama ngazi inayoteremka kutoka mdomoni. Wengi hushauri kukaza kitanzi cha kwanza cha kila sindano. Mimi niliona kukaza kitanzi cha pili ndiko kunakosaidia, kwa sababu cha kwanza bado huwa kinacheza unapokivuta, ilhali cha pili hukishikilia cha kwanza mahali pake.

Mwenzangu mmoja kazini aliniuliza, kwa upole, kwa nini nisumbuke na kitu ambacho mashine hukifanya. Swali lake ni la haki, na lina umri mkubwa kuliko alivyodhani: William Lee alibuni mashine ya kufumia soksi nchini Uingereza mwaka 1589. Nilimjibu kwamba nilikuwa katika mkutano huohuo na yeye, na kwamba mwisho wake mimi ningetoka na sentimita tatu za soksi.

Kisigino nilikitengea Jumamosi asubuhi, kabla nyumba haijaamka. Niliwahi kujaribu kukifuma usiku huku nikizungumza na wageni, nikakosea hesabu ya upande mmoja kwa vitanzi viwili, na kisigino kikatoka kimeelekea pembeni kana kwamba mguu umeteguka. Asubuhi, mbele ya dirisha, kazi hiyohiyo ilinichukua kama saa moja na nusu, nayo ndiyo sehemu ya soksi ninayoipenda kuliko zote. Unaviacha vitanzi 32 vya upande wa mbele vipumzike, kisha unafuma vile 32 vya nyuma kwa kwenda na kurudi, safu 32, ukikiruka kitanzi cha kwanza cha kila safu, yaani kukihamisha bila kukifuma, ili ukingo uwe na pete 16 safi zitakazohitajika baadaye. Katika safu za upande wa nje unaruka kitanzi kimoja na kufuma kinachofuata, kwa zamu, na hapo kitambaa huwa kinene maradufu, mahali hasa kiatu kinaposugua.

Kisha huja kugeuza. Unafuma vitanzi 18, unaunganisha viwili vinavyofuata kuwa kimoja, unafuma kimoja zaidi, halafu unageuka ukiwa umeacha vitanzi kumi na kimoja bila kuvigusa. Mtu anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza huamini kwamba amekosea. Unaruka kimoja, unafuma vitano kwa kinyume, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuka tena, na kila unaporudi unaliziba pengo uliloliacha kwa kuunganisha kitanzi kilicho huku na kilicho kule. Vitanzi vinapobaki 18, kile kitambaa kilichokuwa bapa kimekuwa kikombe chenye umbo la kisigino. Soksi za karne za mwanzo za Kanisa la Misri, zilizofukuliwa Oxyrhynchus, mji wa kale wa Misri, zilitengenezwa kwa sindano moja na kwa mbinu tofauti na hii, zikiwa na kidole gumba kilichotengwa ili zivaliwe na ndara. Nazo pia zina kisigino kilichogeuzwa. Nilipoziona pichani nilimfikiria yule aliyezifuma, nikajiuliza alihesabu vitanzi vyake saa ngapi za siku.

Baada ya hapo huokotwa zile pete 16 za kila ukingo. Penye pembe, kati ya kisigino na sehemu ya mbele, hubaki tundu dogo ambalo lilinikera sana, hadi nilipoanza kuokota kitanzi kimoja cha ziada kila upande na kukifuma kikiwa kimesokotwa. Vitanzi vyote huwa 84, na kwa kupunguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja, hurudi 64 ndani ya mizunguko 20. Sehemu hii ni ya katikati: haitaki ukimya, lakini haivumilii foleni. Niliifuma nikiwa nimeketi nyumbani, pini ikiwa imechomekwa kwenye mzunguko wa mwisho niliopunguza.

Wayo ulirudi ndani ya basi. Ulipobaki sentimita tano kuufikia urefu nilioutaka, nilianza kupunguza vitanzi vinne kila mzunguko wa pili hadi vikabaki 32, kisha kila mzunguko hadi 16. Hivi 16 huunganishwa vinane kwa vinane kwa sindano ya kushonea, ili pasiwe na mshono wa kusumbua vidole, na jambo hilo nililifanyia mazoezi mara tatu kwa uzi wa rangi nyingine kabla ya kuligusa lenyewe.

Lilipobaki suala la mwenzake, sikujiamini tena. Saa ileile niliyokata uzi wa soksi ya kwanza, kabla hata sijaivaa kuijaribu, nilianzisha vitanzi 64 vya soksi ya pili na kufuma mizunguko mitano, ili sindano zisilale tupu hata usiku mmoja. Katika daftari nilikuwa nimeandika idadi ya mizunguko ya kila sehemu, kwa kuwa kupima kwa rula soksi inayovutika hutoa soksi mbili za ukubwa tofauti. Ya kwanza ilinichukua wiki tatu, ya pili siku kumi na sita.

Hii sasa ni jozi ya nne. Ile ya kwanza imeanza kulika chini ya kidole gumba cha kulia, nami nimeitia kiraka kwa kupitisha uzi uliobaki kwa urefu na kwa upana juu ya balbu kuukuu ya taa. Kiraka nacho nilikijaribu kwanza kwenye foleni, na hakikufaa. Nimekihamishia Jumamosi asubuhi pamoja na visigino.