Usiku Tuliohesabu Hatua

Jumamosi ya tarehe 31 Desemba 2016, jua lilizama nikiwa nimeshaandika malengo yangu ya mwaka unaofuata. Yalikuwa saba. Niliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kwa ule mwandiko wa taratibu ninaouweka kwa mambo ninayoyaheshimu. Nilipomaliza, nililiacha daftari wazi mezani ili wino ukauke, nikaenda kumwangalia Baba chumbani kwake.

Niliporudi nilimkuta dada yangu amesimama pale mezani. Mkono mmoja ameshika daftari jipya, mkono wa pili ameshika la mwaka unaokwisha, amelichomoa kwenye rafu.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hebu njoo usome hapa."

Nikasoma. Kumaliza mtihani wa kodi. Kufanya mazoezi kila siku. Kuweka akiba. Kusoma vitabu 24. Kulala mapema. Kuwa karibu zaidi na ndugu. Kuwa mtu bora. Akanisogezea la pili: mambo yaleyale saba, kwa mpangilio uleule, hata lile neno "zaidi" lilikuwa palepale lilipo. Akachomoa la 2015. Yaleyale. La 2014 lilitofautiana kwa jambo moja tu, kwamba mtihani wa kodi haukuwamo, maana nilikuwa sijafika ngazi hiyo.

Hakunicheka wala hakunisema. Alivuta kiti, akaketi, akaniambia, "Usiandike la mbele kabla hatujasoma la nyuma. Kila siku umeandika humu. Nisomee."

Nilikataa. Sikutaka kuurudia mwaka ule hata kwa macho. Kwangu 2016 ulikuwa mwaka uliopotea, na nilikuwa nasubiri saa sita usiku kama mtu anayesubiri mlango ufungwe. Jumatano ya tarehe 18 Mei Baba aliamka upande wake wa kulia ukiwa umelala na maneno yakigoma kutoka. Kiharusi. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi, Dada anaishi mbali na ana watoto wadogo, kwa hiyo niliacha kazi ya ofisini nikabaki na kazi chache za hesabu ninazoweza kuzifanyia nyumbani. Mtihani wa kodi, niliouanguka mwaka uliotangulia, nilikuwa nimejiandikisha kuurudia Jumatatu ya tarehe 6 Juni. Saa wenzangu wanagawiwa karatasi za maswali, mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha wodi, namlowanisha Baba midomo kwa pamba.

"Nisomee," alirudia Dada. Yeye ndiye mkubwa. Nikaketi, nikafungua.

Januari ilikwisha upesi. Kurasa za mwanzo zimejaa maandishi: mazoezi dakika 20, mazoezi dakika 20, mazoezi dakika 15. Tulihesabu siku tisa. Tarehe 14 neno mazoezi linatoweka, na halirudi tena. Niliupekua ukurasa huo na unaoufuata nikitafuta sababu, nikidhani labda niliugua au nilisafiri. Hakuna. Siku hiyo nimeandika habari za barua fulani ya kazini na mvua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuna siku niliyoamua kuacha. Jambo nililoliahidi kwa kalamu ya wino lilikufa bila hata mstari mmoja wa taarifa.

Februari, Machi, Aprili, kazi na uchovu wa kazi. Dada aliziruka.

Tulipofika Mei nilipunguza sauti, kwa sababu Baba alikuwa macho chumba cha pili. Kurasa zile zina neno mojamoja. Wodi. Wodi. Wodi. Amefumbua macho. Wodi. Dada alinyoosha kidole akakigusa kile kisentensi cha katikati, akakaa nacho kidogo, kisha akafunua ukurasa mwenyewe.

Tarehe 9 Juni tulirudi nyumbani. Tarehe 13, chini kabisa ya ukurasa, kwenye kona ya kulia, pana tarakimu moja isiyo na maelezo yoyote: 3.

"Hii nini?"

"Hatua za Baba."

Nilikuwa nimesahau kwamba niliziandika. Nasema kweli, nilikuwa nazijua kila siku kwa siku yake, lakini sikuwahi kuzitazama zikiwa pamoja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kabla hatujatoka hospitali: miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ina thamani kubwa, ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, msingoje apate nguvu ndipo atembee. Alinionyesha nisimame upande wake dhaifu, mkono wangu mmoja ukiwa umeshika mkanda kiunoni kwake kwa nyuma, nisimvute wala nisimbebe. Kwanza inatangulia fimbo yenye miguu minne, kisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Fimbo ikigusa sakafu inatoa milio miwili, tak-tak, kwa sababu miguu yake minne haitui pamoja. Baadaye ndiyo sauti ya ndala ya kulia ikiburutwa. Baadaye kimya, anavuta pumzi. Hiyo ni hatua.

Tukaendelea kusoma kona za kurasa tu. 3, 3, 5, 4, 0, 0, 6. Sifuri zile nilizikumbuka moja moja: homa, miadi ya hospitali, siku aliyogeukia ukutani akakataa hata kunitazama. Agosti akafika mlango wa nje. Septemba hatua 19. Novemba hatua 31. Ijumaa ya tarehe 2 Desemba zinafika 40, na pembeni nimeandika neno moja, benchi, maana siku hiyo alifika kwenye benchi lililo chini ya mti, katikati ya uwanja, na akaketi huko kwa mara ya kwanza tangu Mei. Idadi kubwa kuliko zote ilikuwa 46.

Dada alichukua penseli na karatasi. Kila ukurasa wenye hatua alichora kijistari, na kila cha tano akakikatisha juu ya vinne kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo. Mimi nafunua, yeye anachora. Kazi ile ilituchukua muda, na hatukuzungumza. Kutoka tarehe 13 Juni hadi siku ile ni siku 202. Siku za sifuri zilikuwa 17. Zilizobaki, 185.

"Humu umejiandikia mara ngapi kwamba huna msimamo?" aliniuliza.

Sikujibu. Alikuwa ameona.

"Sasa siku hizi 185 alitembea nani?"

"Baba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Upande wa kulia," nilisema, na sauti ikanikatika.

Nimelifikiria sana swali lile tangu usiku huo. Mtu mmoja, mwaka mmoja, daftari moja. Ahadi yangu ya mazoezi niliishika siku tisa, ya Baba nikaishika siku 185. Rahisi ni kusema mapenzi, na mapenzi yalikuwepo. Lakini ndugu pia nawapenda, na "kuwa karibu zaidi na ndugu" kumekaa miaka mitatu bila hata simu moja ya ziada. Nadhani tofauti ilikuwa saa kumi. Saa kumi Baba anameza dawa. Nikishamrudishia glasi mezani, fimbo iko palepale mkononi mwangu. Sikuwahi kujiuliza kama nina hamu ya kutembea siku hiyo. Glasi ilikuwa imeshanijibia. Ila "kuwa mtu bora", je? Mchana wa Jumanne ya kawaida ningejuaje kwamba saa yake imefika, au kwamba nimeshalifanya?

Miaka iliyofuata nilikutana na maandishi ya watu waliolichunguza jambo hili kwa makini, na kila mara nilijiona mule. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayeamua mapema lini, wapi na vipi, kwa mtindo wa "likitokea hili nitafanya lile", hutimiza azma yake zaidi kuliko anayebaki na nia peke yake. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 wakijenga mazoea mapya. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lianze kwenda lenyewe, lakini makadirio ya mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka sifuri zetu 17. Januari nilidhani siku moja iliyorukwa ni mwisho wa safari. Kwa Baba, sifuri ilikuwa sifuri ya siku hiyo tu, kesho saa kumi dawa ipo.

Usiku ule sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilichokuwa nacho ni vijistari vya penseli.

Ilikuwa karibu saa sita tulipoingia chumbani kwa Baba. Redio ilikuwa inasema kwa sauti ya chini. Mtangazaji alieleza kwamba mwaka huu, pamoja na kuwa mwaka mrefu wa siku 366, unaongezewa sekunde moja kwenye saa za dunia, kwa sababu mzunguko wa dunia hauendi sawasawa na saa za atomiki, na kwamba hiyo ni sekunde ya 27 kuongezwa tangu 1972. Mimi ambaye mchana kutwa nilikuwa nautaka mwaka ule uishe, nilisikia unarefushwa, na nikashangaa kwamba sikuchukia.

"Umesikia, Baba?" Dada aliketi ukingoni mwa kitanda. "Tumeongezewa sekunde. Utaifanyia nini?"

Baba alifikiri. Kwake neno lilikuwa linachukua safari ndefu, na tulikuwa tumejifunza kutomkatisha. Midomo ilijikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena. Alinyanyua kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

"Hatua," alisema.

Dada akacheka huku anajifuta macho. Akamuuliza tena, safari hii akiwa na penseli mkononi, na mwaka mpya je, Baba, tukuandikie nini?

Safari hii jibu halikuchelewa. "Geti."

Nilirudi mezani, nikaufunua ukurasa wa pili wa daftari jipya. Wa kwanza sikuuchana. Nikaandika: Geti, la Baba, tuhesabu kila siku. Kisha nikakaa na kalamu muda mrefu kuliko nilivyokaa mchana kwa yale saba. Nilikuwa najaribu kujiona mwenyewe jinsi nilivyo hasa, si yule mtu ambaye kila Januari namwandikia orodha naye haji. Huyu wa kweli saa kumi yuko wapi? Yuko uwanjani, upande wa kulia. Baba akishafika kwenye benchi hupumzika, tena sana, wakati mwingine zaidi ya nusu saa, na mimi hukaa kando yake natazama majani.

Nikaandika: Baba akishaketi kwenye benchi, nitafungua kitabu cha kodi na kusoma kurasa nne.

Dada alisoma juu ya bega langu. "Mbona hujaandika kufaulu?"

"Kufaulu hakupo kwenye benchi," nilimjibu. "Kurasa zipo."

Aliniuliza na yale mengine, vitabu 24, akiba, usingizi. Nikamwambia nitayaandika siku nitakayojua yanaanzia wapi. Akiba nilikuja kuipatia mahali pake mwezi wa tatu. Usingizi bado.

Saa sita ilipita bila sisi kuisikia, tulikuwa tunabishana kama kitabu cha kodi kitalowa umande kikiachwa kwenye benchi usiku. Dada alishinda: kitabu kikae kwenye kiti cha mlangoni, pale fimbo inapoegemezwa, ili nisiichukue fimbo bila kukiona.

Kesho yake, Jumapili, nilimpa Baba dawa ya saa kumi. Nikamrudishia glasi mezani. Kitabu nilikibana kwapani, mkono mmoja kwenye mkanda, Dada akatangulia kinyumenyume mbele yetu akihesabu kwa sauti. Tak-tak, ndala, pumzi. Tak-tak, ndala, pumzi. Kwenye benchi Baba hakuketi mara moja. Aliliangalia geti, akasogeza fimbo mbele kidogo, akaipita ncha ya benchi kwa hatua moja, ndipo akageuka akanipa mkono nimkalishe.

Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja chini, kona ya kulia: Hatua 47. Kurasa 4.