Usiku tulipobishana kuhusu The 13th Warrior

Zamu yangu ya kuchagua filamu iliangukia Ijumaa moja ya Desemba 2006. Nilikuwa nasoma Roskilde, Denmark, na bweni letu lilikuwa na jiko moja kubwa la kutumia sote wa ghorofa ile. Kila Ijumaa tulipika pamoja, tukasogeza meza ukutani, na aliyefikiwa na zamu akaweka diski yake. Mimi nikaweka The 13th Warrior.

Niliipenda filamu hii tangu Tanga. Kule tuliitazama kwenye kibanda umiza, mkanda umeshachoka kwa kuchezwa, na watu waliripuka kwa takbiri pale Ahmad ibn Fadlan alipoandika mchangani kwamba Mungu ni mmoja na Muhammad ni mtume wake. Tulikuwa tumezoea filamu za Marekani ambazo Mwarabu ndani yake kazi yake ni kuteka ndege. Hapa kulikuwa na msomi wa Baghdad, anayeswali na kuandika, anayepigana bega kwa bega na Waviking kumi na wawili, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia, na kurudi kwao akiwa hai. Kwa vijana wa barabara ya kumi na tano ilikuwa kama mtu wa kwao kashinda ugenini.

Kwa asiyeiona: ilitoka mwaka 1999, mwongozaji ni John McTiernan, na ilitokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1976. Crichton alichanganya mambo mawili ya kale. La kwanza ni risala ya Ibn Fadlan mwenyewe, mtu wa kweli, aliyeondoka Baghdad Juni 921 kwa amri ya Khalifa al-Muqtadir na kufika kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga Mei 922. La pili ni Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale wenye mistari zaidi ya 3,000, unaosimulia shujaa aliyevuka bahari kwenda kumwokoa mfalme Hrothgar wa Wadenishi kutokana na zimwi Grendel, kisha mama yake zimwi, na uzeeni akapambana na joka la moto. Kwenye filamu Beowulf amekuwa Buliwyf, mazimwi yamekuwa Wendol, watu waliovaa ngozi za dubu wanaokula nyama ya binadamu, na joka limekuwa msururu wa mienge ya wapanda farasi wanaoshuka mlimani usiku kwenye ukungu. Mpaka leo sijaona joka la kompyuta linalonitisha kama ile mienge.

Wakosoaji wa magazeti waliiponda ilipotoka, na watengenezaji walipata hasara kubwa. Hata Omar Sharif, aliyecheza mwanzoni kama mzee anayefuatana na Ibn Fadlan, alisema baadaye kwamba ni baada ya filamu hii ndipo alipojiambia basi, sasa aache kuchukua kazi kwa ajili ya pesa tu. Lakini watazamaji wa kawaida hawakuiacha. Kila nilipokwenda nilikuta mtu anayeijua.

Jikoni usiku ule tulikuwa watu kama kumi. Watatu ndio walioubeba mjadala. Kulikuwa na kijana Mdenishi wa chumba cha jirani, aliyejitolea kwenye Makumbusho ya Meli za Waviking pale Roskilde. Alikuwa akijiandaa kwa safari ya kiangazi kinachofuata, ambapo meli ya mita 30, nakala ya ile iliyojengwa Dublin mwaka 1042, ingerudishwa Dublin kwa tanga na makasia. Kulikuwa na Mwiraki mtu mzima, aliyewahi kufundisha Kiarabu Basra, ambaye wote tulimwita Ustadh. Na kulikuwa na dada wa Kipemba aliyekuwa anasomea uuguzi. Yeye ndiye aliyekaanga bajia za dengu usiku ule, na aliendelea kuzikaanga filamu ikienda, mgongo kwa televisheni, akigeuka pale tu kelele zilipozidi.

Mdenishi alianza mapema. Zile kofia za chuma! Mmoja kavaa ya askari wa Kihispania wa karne ya 16, mwingine kavaa ya wapiganaji wa viwanjani Roma, na kisa ni cha karne ya 10. Alisimamisha picha kwa rimoti ili atuonyeshe, tukamzomea, akasimamisha tena. Hata hivyo alikuwa na la kusifu. Alisema ukumbi wa mfalme Hrothgar hadithi za kale huuweka Lejre, kituo kinachofuata tu kwa treni kutoka Roskilde, na kwamba wachimbuzi walipochimba pale miaka ya 1986 hadi 1988 walikuta mashimo ya nguzo za ukumbi wenye urefu wa mita 48. Filamu, alisema, imeuelewa ukumbi: moshi, mbwa, watu kulala walipokula, na woga wa wote kuwa chini ya paa moja usiku unapoingia.

Ubishi wa pombe ulikuwa mkali zaidi. Kuna mahali Ibn Fadlan anapewa pembe ya kunywea, anakataa, anasema kwake zabibu na nafaka zilizochachuka ni haramu, na rafiki yake Mviking anamcheka na kumwambia hii ni asali. Anakunywa. Tanga tulicheka. Ustadh hakucheka hata kidogo.

"Kila kinacholevya ni haramu, kiwe cha asali, kiwe cha mtama," alisema. "Katibu wa Khalifa, aliyesafiri na mafakihi, hajui hilo?"

Dada wa Kipemba alimwunga mkono bila kugeuka: "Hata wanzuki ya Tabora ni ya asali, Ustadh, na watu wanaanguka nayo."

Mimi nilitetea kipande kingine, na nakitetea mpaka leo: zile nyusiku za motoni. Ibn Fadlan amekaa pembeni, Waviking wanaongea lugha yao, hafahamu kitu. Usiku baada ya usiku anawatazama midomo. Neno moja linapenya, kisha mawili, kisha sentensi. Halafu mmoja anamtukana mama yake, naye anamjibu kwa lugha yao hiyo hiyo, wote wanaduwaa, wanamuuliza umejifunzia wapi. Anasema alisikiliza. Wapo wanaosema hakuna mtu anayejifunza lugha namna hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiko lile lile miezi mingi nikiwatazama Wadenishi midomo, nikicheka wanapocheka, na najua ile siku sentensi ya kwanza kamili ilipoingia sikioni pasipo kuitafuta. Aliyekiandika kipande kile anakijua anachokisema.

Filamu iliisha tumeshiba. Ndipo yule Mdenishi akasimama na glasi mkononi akaisoma kwa moyo ile dua.

Wapenzi wa filamu hii wote wanaijua. Ndiyo inayokumbukwa kuliko mapigano yenyewe. Mashujaa wanaitamka kabla ya pambano la mwisho, mvua ikiwanyeshea, kwamba wanamwona baba, wanamwona mama na ndugu, wanawaona wazee wa ukoo tangu mwanzo, na hao wanawaita wakakae nao. Watu huiandika kwenye fulana, wengine huichora mwilini. Mdenishi aliisema vizuri, sauti imeshuka, na akatueleza kwamba wenzake wa melini huisema wakiwa wanavuta makasia. Tulipiga makofi.

Ustadh aliinuka akaenda chumbani kwake. Nilidhani amechoka. Akarudi na kitabu chembamba chenye jalada la kijani, risala yenyewe ya Ibn Fadlan, chapa ya Damascus.

"Maneno hayo yamo humu," alisema. "Lakini si ya wapiganaji."

Akaanza kusoma, Kiarabu kwanza, kisha Kidenishi chake cha polepole. Dada wa Kipemba, ambaye Kiarabu cha chuoni hakikumtoka, alizima jiko akaja kukaa.

Ibn Fadlan alikutana na Warusi, ndivyo anavyowaita, Waviking wafanyabiashara wa Kaskazini waliokuwa wamepiga kambi kando ya Volga. Anawasifu maumbo, warefu kama mitende. Anawachukia kwa uchafu, wanavyonawa wote kwenye beseni moja, kila mmoja akipenga na kutema mate kabla ya kumpitishia mwenzake. Hilo filamu imeliweka. Kisha chifu wao mmoja anakufa. Wanamweka kaburini siku kumi huku nguo zake zikishonwa. Jamaa zake wanawauliza wajakazi wake: nani atakufa pamoja naye? Mmoja anasema, mimi. Akishasema hawezi tena kurudi nyuma. Wanamwekea wasichana wawili wa kumlinda popote aendapo, hata miguu wanamwosha wao.

Siku ya kuchoma maiti ikifika, merikebu imevutwa nchi kavu, wanaume wanamwinua yule mjakazi kwenye viganja vyao juu ya kitu kama fremu ya mlango. Mara ya kwanza anasema, namwona baba yangu na mama yangu. Mara ya pili, nawaona jamaa zangu wote waliokufa, wamekaa. Mara ya tatu, namwona bwana wangu amekaa peponi, na pepo ni nzuri, ya kijani, ananiita, nipelekeni kwake. Anavua bangili zake mbili anampa kikongwe wanayemwita Malaika wa Mauti. Anapewa kikombe, anaimba, anapewa cha pili, anauvuta wimbo. Kikongwe anamhimiza aingie hema la marehemu, mle merikebuni. Ibn Fadlan anasema alimwona amechanganyikiwa. Alitaka kuingia, kichwa akakipitisha kati ya hema na ubavu wa merikebu. Kikongwe akamshika kichwa, akamwingiza. Wanaume wakaanza kupiga ngao kwa fimbo, sauti yake isisikike, wajakazi wengine wasije wakaogopa kufa na mabwana zao.

Yaliyofuata Ustadh aliyapunguza, na sitayaandika hapa. Alimalizia kwa kilima walichokijenga palipokuwa na moto, na mti waliousimika katikati, ukaandikwa jina la yule mwanamume na jina la mfalme wa Warusi.

"Na la msichana?" dada aliuliza.

"Halimo. Hata kitabuni halimo."

Mdenishi alisema lakini alijitolea mwenyewe. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta pa kushika. Dada alimtazama.

"Mtumwa anajitolea nini, kaka? Kwetu Pemba mikarafuu ilipandwa na watumwa. Majina ya wenye mashamba tunayo mpaka leo. Waliochuma, nani anawajua?"

Ustadh alimtetea Ibn Fadlan. Alisema bila yeye tusingekuwa hata na hayo, kwamba alikuwa mgeni, na kwamba ameandika alichokiona bila kukipamba, hata lile la ngao. Nakubaliana naye. Lakini niliongeza jambo ambalo filamu hailigusi kabisa, nalo limo kwenye risala hiyo hiyo: wafanyabiashara wale walishuka mtoni na wasichana wa kuuza, na waliomba mbele ya sanamu zao za mti wapate mteja mwenye dinari na dirhamu nyingi. Dirhamu zinatoka wapi? Nchi za Khalifa. Makumbusho ya Skandinavia yamejaa sarafu hizo kwa maelfu, zenye maandishi ya Kiarabu, zimefukuliwa mashambani. Takbiri zetu za Tanga zilikuwa za haki, na Ibn Fadlan wa kweli anastahili heshima. Ila fedha za kwao ndizo zilizowavuta wasichana wale sokoni.

Tukairudia sehemu ya mazishi. Filamu inamwonyesha msichana kwa kitambo kifupi, anainuliwa, anasema maneno yake, merikebu inashika moto, kisha kisa chote kinawahamia wanaume, na maneno yake wanaondoka nayo wao. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la filamu hii. Kofia za Kihispania naweza kuzisamehe, hata asali. Ustadh alisema ni haki ya msanii kuchukua. Mdenishi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema bado anazipenda zile beti, na hajui afanye nini na hilo. Dada akamwambia azipende tu, mtoto wa watu aliimba akazisema, kwa nini zisipendwe?

Kijana akaomba karatasi. Alitaka Ustadh amtafsirie kipande chote kwa Kidenishi, awasomee wenzake wa melini kabla hawajaondoka kwenda Dublin. Wakakaa mezani wawili hao, Ustadh akitaja, yeye akiandika nyuma ya ratiba ya kufagia jiko. Alitaka kuanzia pale msichana anapoinuliwa. Dada, aliyekuwa ameanza kuosha kikaango, akamkatalia, akasimama naye mpaka akafuta mstari wa kwanza na kuanza juu zaidi, pale jamaa wa marehemu wanapowauliza wajakazi nani atakufa pamoja naye.