Walikata swichi, hawakugusa jeni yenye kasoro

Mpwa wangu ana selimundu, kwa hiyo kila habari ya tiba mpya mimi huisoma hadi mwisho. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ilinishangaza kwa jambo moja: herufi ya DNA iliyobadilika katika jeni ya beta-globini, ambayo ndiyo chanzo cha chembe nyekundu kujipinda kama mundu, imeachwa vilevile.

Kinachokatwa kiko kwenye kromosomu nyingine kabisa, ya 2, katika kipande cha DNA kisichobeba maelekezo ya kutengeneza protini yoyote. Takriban asilimia 98 ya jenomu yetu ni ya namna hiyo, na kwa miaka mingi iliitwa takataka, jina ambalo naona lilitolewa kwa haraka mno. Kipande hiki, ambacho hufanya kazi kama swichi, kimo ndani ya jeni ya BCL11A, katika sehemu ambayo huondolewa kabla protini haijatengenezwa. Hata hivyo, ndani ya chembe changa za damu nyekundu, protini iitwayo GATA1 hukishika, uzi wa DNA ukajikunja hadi kikakaribia mahali jeni inapoanza kusomwa, na hapo BCL11A huamka. Kazi yake ni kuzima himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ambayo mtoto huwa nayo tumboni, na ambayo haitumii beta-globini. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa mzima, na maumivu huanza miezi kadhaa baadaye, himoglobini hiyo inapopungua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jeni ya BCL11A isiharibiwe yote. Haiwezekani, kwa sababu inahitajika katika ubongo na katika chembe za kinga, ilhali swichi ile hutumika katika chembe nyekundu pekee. Kwa hiyo seli za uloto (ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu) za mgonjwa hutolewa, swichi ikakatwa pale GATA1 inaposhika, kisha akarudishiwa, na himoglobini ya utotoni ikarejea. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, na mgonjwa lazima kwanza apewe dawa kali ya kuteketeza uloto wake. Mpwa wangu anaendelea na vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo huongeza himoglobini ileile ya utotoni, bila kuikata swichi.