Kilio cha Nehemia 5: Mkate, Deni na Meza ya Liwali

Tafakari ya juma. Somo: Nehemia 5:1–19

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili huwa tunalipita haraka, maana limekaa katikati ya habari za ukuta wa Yerusalemu, na ukuta ndio unaohubiriwa. Ila sura ya 5 karibu yote ni habari ya deni. Wanaume na wake zao wanalia kwa njaa, na safari hii mlalamikiwa si Sanbalati, adui aliye nje ya mji. Wanalalamikiwa ndugu.

Tukisome kilio chenyewe polepole, mstari wa 2 hadi wa 5, kwa kuwa kimepangwa kwa ngazi. Wa kwanza wanasema: tu wengi, tupate nafaka tule tuishi. Wa pili wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate hiyo nafaka. Wa tatu wamekopa fedha walipe kodi ya mfalme. Mwisho ni watoto: wanatiwa utumwani, na wazazi hawawezi kuwakomboa kwa sababu mashamba yameshakuwa ya wengine. Chakula, rehani, kodi, watoto. Aliyefuatilia misukosuko ya uchumi ya miaka ya karibuni atazitambua ngazi hizi, ingawa si kila nchi huanzia ngazi ileile.

Sudan ilianzia mkate. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 iliondoka na takribani robo tatu ya mafuta, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yakileta fedha za kigeni za kununulia ngano ya nje. Pauni ikaporomoka, ruzuku ya mkate ikawa mzigo. Desemba 2018, bei ya mkate ilipopanda kutoka pauni 1 hadi 3, watu wa Atbara waliingia barabarani na miji mingine ikafuata. Tarehe 11 Aprili 2019 jeshi likamwondoa Omar al-Bashir, aliyetawala karibu miaka 30.

Kenya ilikuwa ngazi ya kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulilenga kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 340, huku marejesho ya deni yakimeza sehemu kubwa ya mapato ya serikali. Ulipoletwa ulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Hayo mawili yaliondolewa kabla ya kura ya mwisho, lakini hasira ilikuwa imeshapita hapo. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Lebanon inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu rehani yake haikuonekana. Tangu 1997 pauni ilishikiliwa kwenye takribani 1,507 kwa dola moja. Ili kiwango hicho kisimame, dola mpya zilipaswa kuingia kila siku. Benki za biashara ziliwavuta wenye akiba kwa riba kubwa, kisha zikazikopesha dola zao kwa Benki Kuu na serikali. Mradi dola mpya zinaingia, wa zamani walilipwa. Zilipopungua, hapakuwa na cha kurudisha. Oktoba 2019 serikali ilipendekeza tozo kwa simu zinazopigwa kwa WhatsApp, watu wakajaa barabarani, benki zikafunga milango. Zilipofunguka, mwenye akaunti ya dola alipewa kidogokidogo tu, na Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa hatifungani (hati ya deni lake) ya dola bilioni 1.2. Shamba la mwenye akiba lilikuwa limeshakuwa la mtu mwingine kwa miaka, naye hakujua.

Sri Lanka ilizipanda ngazi zote ndani ya muda mfupi. Mwishoni mwa 2019 serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 15 hadi 8 na kupoteza mapato. Kisha korona ikafunga utalii. Mwaka 2021 ikapiga marufuku mbolea za kemikali kuingia nchini. Hatua hiyo ilisifiwa kama kilimo hai, lakini mavuno ya mpunga yalianguka, na nchi ikalazimika kununua mchele nje kwa dola zilezile ilizotaka kuziokoa. Aprili 2022 ikasitisha kulipa madeni ya nje. Zikafuata foleni za petroli na gesi ya kupikia, halafu foleni za pasipoti za waliotaka kuondoka. Hapo ndipo ngazi ya watoto. Tarehe 9 Julai umati uliingia ikulu ya Colombo, na siku nne baadaye Rais Gotabaya Rajapaksa alikuwa ameikimbia nchi.

Sasa tumtazame Nehemia, liwali (gavana) wa Yuda, anavyofanya, na mpangilio wake usitupite. Anasikia, anakasirika sana (mstari wa 6, hasira yake haikemewi popote). Kisha anafanya shauri na nafsi yake kabla ya kufungua kinywa. Anawakabili wakubwa, tena mbele ya kusanyiko kubwa, si chumbani. Anakiri kwamba yeye na watu wake nao wanakopesha. Anataka virudishwe siku hiyohiyo mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Wafafanuzi wengi huielewa kuwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, yaani 12 kwa mwaka.

Wakubwa wakajibu: tutarudisha. Wengi wetu tungefunga kikao hapo kwa shangwe. Nehemia hakufunga. Aliwaita makuhani, akawaapisha, akakung'uta vazi lake mbele ya wote, na mstari wa 13 unathibitisha kwamba watu walitenda kama walivyoahidi. Harakati nyingi hukwama kati ya mstari wa 12 na wa 13. Sudan ilimwondoa Bashir, lakini Juni 2019 waliokesha mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum walishambuliwa na wengi wakauawa. Oktoba 2021 yakaja mapinduzi, na tangu 15 Aprili 2023 jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF wanapigana. Mtu aliondoka, walioshika bunduki na dhahabu wakabaki. Kenya nayo mswada ulikufa Juni, baadhi ya hatua zake zikarudi Desemba kupitia sheria nyingine ya kodi. Ahadi iliyotolewa chini ya kelele bila mashahidi wala tarehe hudumu kadiri kelele zinavyodumu.

Kuhusu namna ya kusimama barabarani, Leipzig, mji uliokuwa Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, una la kutufundisha. Tangu 1982 Kanisa la Mtakatifu Nikolao lilifanya maombi ya amani kila Jumatatu saa 11 jioni, mara nyingi kwa watu wachache. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini humo huku askari wenye silaha wakiwa tayari, na hakuna risasi iliyopigwa. Wengi walibeba mishumaa. Mshumaa huchukua mkono mmoja, na wa pili hukinga upepo. Wa kuokotea jiwe haupo. Tuone pia kwamba umati ule ulitanguliwa na miaka saba ya Jumatatu.

Mstari wa 14 hadi wa 18 unarudi nyumbani kwa Nehemia. Miaka 12 hakula chakula cha liwali, wakati waliomtangulia walitoza shekeli 40 za fedha juu ya mkate na divai. Mezani pake walikula watu 150, kwa ng'ombe mmoja na kondoo sita kwa siku, na gharama hakuwatwika watu. Kanisa nalo lina meza. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuliza waziwazi kwa nini madhabahu hupewa wanasiasa wenye bahasha, na Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha ambazo Rais alitoa kwa parokia moja. Kurudisha vile ni kugumu kuliko kuhubiri dhidi ya ufisadi.

Kwa vikundi vya maombi: msiombee "uchumi" kwa jumla. Chukueni bajeti ya nchi mnayoiombea mtafute namba tatu: katika kila 100 ya mapato, ngapi zinalipa deni, akiba ya fedha za kigeni inatosha miezi mingapi ya kuagiza bidhaa (chini ya mitatu ni dalili mbaya), na ruzuku ipi inakaribia kuondolewa. Kisha ombeni kwa ngazi za mstari wa 2 hadi wa 5, mkiwataja waliopo kila ngazi. Fungu la mwisho liwe la kukagua nani kati yetu anamdai ndugu kwa riba. Sudan ipewe siku yake peke yake.

Juma lijalo tutasoma Nehemia 6, barua ya Sanbalati iliyotumwa ikiwa wazi.